Christian de Duve

Christian René Marie Joseph de Duve (Thames Ditton, Uingereza, 2 Oktoba 1917 – Nethen, Ubelgiji, 4 Mei 2013) alikuwa daktari na mwanabiokemia kutoka Ubelgiji. Aligundua sehemu mbili za seli, yaani lisosomu na peroksisomu. Mwaka 1963 alibuni neno otofajia, ambalo ni jina la kazi ya seli kula sehemu zake yenyewe. Mwaka 1974 alipokea Tuzo ya Nobel ya Tiba pamoja na Albert Claude na George Palade.

Lisosomu ni kifuko kidogo ndani ya seli ambamo vitu vikuukuu huvunjwavunjwa ili malighafi yake itumike tena. Baada ya de Duve, watafiti wengine waligundua kwamba seli ina njia ya pili ya kuondoa vitu isivyovihitaji: kuvifunga katika vifuko vidogo sana viitwavyo eksosomu na kuvitoa nje. Uhusiano kati ya otofajia na eksosomu hauwezi kueleweka bila lisosomu aliyoigundua yeye.

Familia na masomo

Wazazi wake walikuwa Wabelgiji waliokimbilia Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Ndiyo sababu alizaliwa karibu na London. Mwaka 1920 familia ilirudi Ubelgiji na kukaa katika mji wa bandari wa Antwerp. Kijana huyo alikua akijua lugha kadhaa: Kifaransa, Kiholanzi, Kiingereza na Kijerumani.

Alisoma katika shule ya Wajesuiti mjini Antwerp, kisha mwaka 1934 akajiunga na Chuo Kikuu Katoliki cha Leuven kusomea udaktari. Akiwa bado mwanafunzi alianza kufanya kazi katika maabara ya fiziolojia ya profesa Joseph Bouckaert. Swali lililoshughulikiwa huko lilikuwa namna insulini inavyofanya kazi mwilini. Swali hilo lilimvutia kiasi kwamba aliacha mpango wa kutibu wagonjwa akachagua utafiti.

Mwaka 1940 Ujerumani iliivamia Ubelgiji. De Duve alikuwa jeshini kama mhudumu wa tiba, akatekwa na Wajerumani huko kusini mwa Ufaransa. Alifaulu kutoroka na kurudi Leuven, ambako alimaliza shahada ya udaktari mwaka 1941. Kwa kuwa vita vilizuia kazi nyingi za maabara, alitumia muda huo kusoma kemia, akapata shahada ya somo hilo mwaka 1946. Tarehe 30 Septemba 1943 alimwoa Janine Herman. Walizaa watoto wanne, wa kiume wawili na wa kike wawili.

Insulini na glukagoni

Mwaka 1945 alichapisha kitabu kikubwa juu ya glukosi, insulini na kisukari. Baada ya vita alikwenda kujifunza zaidi kwa mabingwa wa biokemia: kwanza Stockholm, Uswidi, katika maabara ya Hugo Theorell, halafu St. Louis, Marekani, kwa Carl na Gerty Cori. Theorell na mume na mke Cori wote walipata Tuzo ya Nobel.

Huko Marekani alifanya kazi na Earl Sutherland. Ilikuwa imeonekana kwamba baadhi ya dawa za insulini hupandisha sukari ya damu kidogo kabla ya kuishusha. Wengi walidhani ni uchafu usio na maana. De Duve na Sutherland walionyesha kwamba kitu hicho kinatoka katika kongosho lenyewe. Kilikuwa glukagoni, homoni iliyotajwa na watafiti wengine katika miaka ya 1920 lakini ikasahauliwa. Insulini hushusha sukari baada ya mlo, na glukagoni huipandisha wakati wa njaa kwa kuliamuru ini kutoa akiba yake. Miaka 20 baadaye homoni hiyo ilimrudisha de Duve kwenye otofajia.

Ugunduzi wa lisosomu

Mwaka 1947 alirudi Leuven kufundisha, na mwaka 1951 akawa profesa kamili. Aliunda kikundi kidogo cha watafiti vijana, wakiwemo Henri-Géry Hers, Jacques Berthet na Françoise Appelmans, baadaye pia Robert Wattiaux. Nia yao ilikuwa kuelewa kazi ya insulini katika ini. Walikuwa wakichunguza kimeng'enya kimoja cha ini la panya kinachohusika na glukosi. Pamoja nacho walipima kimeng'enya kingine, fosfatasi ya asidi, kwa ajili ya ulinganisho tu.

Njia waliyotumia ilikuwa imeanzishwa na Albert Claude huko New York. Ini husagwa taratibu ili seli zipasuke lakini sehemu za ndani zibaki nzima. Mchanganyiko huo huzungushwa kwa kasi katika mashine, na sehemu nzito hutuama kabla ya zile nyepesi. Hivyo kila tabaka laweza kupimwa peke yake.

Mnamo Desemba 1949 walipata jibu lisiloeleweka. Fosfatasi ya asidi katika ini lililosagwa taratibu ilifanya kazi kwa kiasi cha kama sehemu moja ya kumi tu ya ile iliyotarajiwa. Kosa la vipimo lilikuwa maelezo rahisi zaidi, na wangeweza kutupa sampuli hizo. Badala yake waliziweka katika jokofu. Siku tano baadaye walizipima tena, na safari hii kimeng'enya kilifanya kazi kwa nguvu zote.

De Duve alifikiri kwamba kimeng'enya kilikuwemo tangu mwanzo, ila kilifungiwa ndani ya kifuko chenye utando. Wakati sampuli ilipokaa, utando uliharibika na kimeng'enya kikatoka. Alipoligundua hilo, aliweka kando swali la insulini lililokuwa limemshughulisha kwa zaidi ya miaka 10, akafuata kifuko hicho.

Kwanza walidhani kifuko hicho ni mitokondria. Baada ya kuboresha namna ya kuzungusha na kutenga matabaka, waliona kwamba ni kitu tofauti. Hadi mwaka 1955 walikuwa wamepata vimeng'enya vitano vilivyofungiwa pamoja kwa namna hiyo. Vyote huvunjavunja vitu vikubwa kama protini na asidi za kiini, na vyote hufanya kazi vizuri penye asidi. Mwaka huohuo de Duve alikipa kifuko hicho jina la lisosomu, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kuyeyusha na mwili.

Hadi hapo hakuna aliyekuwa ameiona lisosomu kwa macho. Ilijulikana kwa hesabu za vimeng'enya tu. Mwaka 1955 mtafiti Mmarekani Alex Novikoff alitembelea Leuven, na kwa hadubini ya elektroni zikapatikana picha za kwanza za vifuko hivyo. Leo zinajulikana zaidi ya aina 50 za vimeng'enya ndani ya lisosomu. Utando wake huzuia vimeng'enya hivyo visiile seli yenyewe.

Katika miaka ya mwanzo de Duve alipendekeza kwamba lisosomu huenda ikapasuka na kuiua seli, na kwamba hiyo ndiyo njia ya seli kujiua. Wazo hilo liliingia katika vitabu vingi vya shule. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba kwa kawaida seli hufa kwa taratibu nyingine, na kwamba kazi kuu ya lisosomu ni kuiweka seli hai.

Peroksisomu

Kimeng'enya kingine walichopima, urikasi, kilikaribia kutuama pamoja na vile vya lisosomu lakini hakikufanana navyo: hakikuhitaji asidi. Kikundi cha Leuven kilikifuatilia kwa miaka mingi, kikakuta kinaambatana na vimeng'enya vingine vinavyotengeneza na kuvunja peroksidi ya hidrojeni. Kifuko chao kiliitwa peroksisomu katikati ya miaka ya 1960.

De Duve alipendekeza kwamba peroksisomu zilitokana na bakteria walioingia ndani ya seli zamani sana, kama ilivyokuwa kwa mitokondria. Wazo hilo halikuthibitishwa. Peroksisomu hazina DNA yake, na ushahidi uliopatikana baadaye unaonyesha kwamba zinahusiana na tando nyingine za seli.

Jina la otofajia

Mwaka 1962 de Duve alipewa uprofesa katika Taasisi ya Rockefeller mjini New York, ambayo baadaye ikawa Chuo Kikuu cha Rockefeller. Hakuiacha Leuven. Kwa miaka mingi aligawa muda wake kati ya mabara mawili, akiwa na maabara kila upande.

Mwaka huohuo Thomas Ashford na Keith Porter walichapisha picha za seli za ini la panya waliopewa glukagoni. Ndani ya seli hizo kulikuwa na vifuko vyenye vipande vya mitokondria vilivyokuwa vikimeng'enywa. Watafiti wengine pia walikuwa wameona mambo kama hayo bila kuyapa jina moja.

Mnamo Februari 1963 ulifanyika mjini London mkutano juu ya lisosomu, ulioandaliwa na Ciba Foundation. Hapo de Duve alipendekeza neno otofajia, kutokana na Kigiriki kwa maana ya kujila. Alitaka kulitofautisha na kula vitu vinavyotoka nje ya seli. Wakati huohuo alibuni maneno mengine mawili: endositosisi, yaani seli kumeza vitu kwa kuvizungushia utando wake, na eksositosisi, yaani kifuko cha ndani kuungana na utando wa nje na kumwaga yaliyomo. Pia alifikiri kwamba mabaki yasiyomeng'enyeka katika lisosomu huenda yakatolewa nje kwa njia hiyo ya mwisho.

Katika otofajia, utando mpya hujitokeza ndani ya seli na kukizunguka kitu kinachotakiwa kuondolewa, kwa mfano mitokondria iliyochakaa au bonge la protini. Utando ukifunga, kinapatikana kifuko chenye kuta mbili kiitwacho otofagosomu. Kifuko hicho huungana na lisosomu. Vimeng'enya huvunja yaliyomo, na malighafi hurudi katika seli kujenga vitu vipya au kutoa nguvu.

Mwaka 1967 Russell Deter na de Duve walithibitisha kwa vipimo kwamba glukagoni huchochea otofajia katika ini la panya. Hivyo kazi hiyo iliunganishwa na njaa: chakula kikipungua, seli ya ini hula sehemu ya mwili wake ili iendelee kuishi.

Kwa miaka mingi baada ya hapo otofajia ilibaki somo la watu wachache, kwa sababu haikujulikana ni jeni gani zinazoiongoza. Katika miaka ya 1990 Yoshinori Ohsumi wa Japani alizipata kwa kutumia hamira. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2016, miaka mitatu baada ya kifo cha de Duve.

Magonjwa ya lisosomu

Ugunduzi wa lisosomu ulieleza vifo vya watoto ambavyo havikuwa vimeeleweka. Katika ugonjwa wa Pompe, ulioelezwa mara ya kwanza mwaka 1932, sukari ya akiba iitwayo glikojeni hujaa katika misuli na moyo. Mtoto mwenye aina kali hulegea viungo, moyo wake hupanuka, na bila matibabu kwa kawaida hufa kabla ya kufikisha miaka miwili.

Mwaka 1963 Henri-Géry Hers, mwenzake de Duve wa siku za kwanza, aligundua kwamba watoto hao wanakosa kimeng'enya kimoja cha lisosomu. Glikojeni huingia katika lisosomu lakini haivunjwi, hivyo hulundikana hadi kuiharibu seli. Huo ulikuwa ugonjwa wa kwanza kuelezwa hivyo. Leo yanajulikana magonjwa zaidi ya 50 ya kurithi ya aina hiyo, yakiwemo yale ya Gaucher na Tay-Sachs.

Kwa kuwa seli humeza vitu kutoka nje na kuvipeleka katika lisosomu, de Duve alitaja mapema katika miaka ya 1960 kwamba kimeng'enya kilichokosekana huenda kikafikishwa kwa njia hiyohiyo. Tiba ya namna hiyo ilianza kutumika kwa ugonjwa wa Gaucher mwaka 1991 na kwa ugonjwa wa Pompe mwaka 2006. Haiponyi kabisa, lakini imewawezesha watoto wengi kuishi.

Mwaka 1974 de Duve na wenzake walieleza pia kundi la dawa zinazojikusanya ndani ya lisosomu kwa sababu ya asidi iliyomo. Mojawapo ni klorokwini, iliyotumika kwa miaka mingi katika Afrika Mashariki kutibu malaria. Kwa namna inayofanana na hiyo, klorokwini hujikusanya katika kifuko chenye asidi ambamo kimelea cha malaria humeng'enya hemoglobini. Katika maabara, dawa hiyo hutumiwa leo kuzuia hatua ya mwisho ya otofajia.

Tuzo ya Nobel na taasisi ya Brussels

De Duve alipata Tuzo ya Francqui ya Ubelgiji mwaka 1960 na tuzo ya Gairdner ya Kanada mwaka 1967. Mwaka 1974 ilifuata Tuzo ya Nobel ya Tiba, kwa ugunduzi kuhusu mpangilio wa seli na kazi zake. Claude alikuwa ametengeneza njia ya kutenga sehemu za seli, Palade alikuwa ameiboresha na kufuata safari ya protini ndani ya seli, na de Duve alikuwa ameitumia kupata vifuko ambavyo hadubini pekee haikuweza kuvieleza.

Wakati huo Chuo Kikuu cha Leuven kilikuwa kimegawanyika kutokana na mgogoro wa lugha kati ya Wabelgiji wasemao Kiholanzi na wale wasemao Kifaransa. Upande wa Kifaransa ulilazimika kuhama, na kitivo chake cha tiba kikaenda Brussels. Huko de Duve alianzisha mwaka 1974 taasisi ya utafiti wa chanzo cha magonjwa katika seli, ambayo sasa inaitwa Taasisi ya de Duve. Kati ya mambo yaliyochunguzwa hapo ni kimelea cha malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o barani Afrika. Kimelea hicho huvunja glukosi ndani ya vifuko vya pekee vilivyo ndugu wa peroksisomu.

Alistaafu ufundishaji Leuven mwaka 1985 na New York mwaka 1988. Mwaka 1989 mfalme Baudouin wa Ubelgiji alimpa cheo cha vikonti. Katika uzee wake alikuwa pia rais wa kwanza wa jopo linalochagua washindi wa tuzo ya L'Oréal na UNESCO kwa wanawake katika sayansi.

Eksosomu: njia ya pili

Eksosomu hazikugunduliwa na de Duve. Mwaka 1983 vikundi viwili, kimoja cha Rose Johnstone mjini Montréal, Kanada, na kingine cha Philip Stahl mjini St. Louis, Marekani, vilichunguza seli changa nyekundu za damu. Seli hizo zina vipokezi vingi vya kuingiza madini ya chuma. Zikikomaa, hazivihitaji tena. Watafiti walitarajia kwamba vipokezi vitapelekwa katika lisosomu na kuvunjwa. Badala yake viliingia katika kifuko kikubwa, vikafungwa ndani yake katika vifuko vidogo zaidi, halafu kifuko kikubwa kikaungana na utando wa nje na kuvimwaga. Mwaka 1987 Johnstone aliviita vifuko hivyo eksosomu.

Eksosomu ina upana wa takriban nanomita 30 hadi 150, hivyo haionekani kwa hadubini ya kawaida. Kwanza ilichukuliwa kuwa takataka tu. Mwaka 1996 Graça Raposo na wenzake walionyesha kwamba eksosomu za seli za kinga huweza kuziamsha seli nyingine za kinga. Mwaka 2007 kikundi cha Jan Lötvall nchini Uswidi kilionyesha kwamba hubeba RNA kutoka seli moja hadi nyingine. Tangu hapo zinachunguzwa pia kama njia ya mawasiliano kati ya seli, katika afya na katika saratani.

Uhusiano kati ya njia hizo mbili

Otofajia na eksosomu hukutana kwenye kifuko kikubwa chenye vifuko vidogo ndani yake. Kifuko hicho kina njia mbili. Kikiungana na lisosomu, yaliyomo humeng'enywa. Kikiungana na utando wa nje, vifuko vidogo hutoka na kuwa eksosomu. Aidha, otofagosomu inaweza kuungana nacho kabla ya kufika katika lisosomu, na muungano huo huitwa amfisomu.

Kwa hiyo njia moja huathiri nyingine. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba seli zikikosa chakula na otofajia kuongezeka, katika aina fulani za seli eksosomu zinazotoka hupungua, kwa kuwa vifuko vikubwa vinaelekezwa kwenye kumeng'enywa. Kinyume chake, lisosomu ikizuiwa kufanya kazi, seli mara nyingi hutoa nje vifuko vingi zaidi. Aidha, baadhi ya protini za otofajia husaidia kutengeneza eksosomu na kuchagua kinachopakiwa ndani yake. Mambo hayo hutofautiana kati ya seli na seli, na sehemu kubwa ya ushahidi imetoka kwa hamira, panya na seli zinazokuzwa maabarani.

Seli changa nyekundu ya damu hutumia njia zote mbili. Inapokomaa huvunja mitokondria zake kwa otofajia, na vipokezi vya chuma huvitoa kwa eksosomu. Bila usafi huo haiwezi kuwa seli kamili ya kubeba oksijeni.

Katika ugonjwa wa Parkinson uhusiano huo unaweza kuwa na madhara. Protini iitwayo alfa-sinukleini hulundikana katika seli za ubongo. Majaribio yameonyesha kwamba lisosomu ikishindwa kuivunja, seli huitoa nje kwa wingi zaidi, na sehemu yake hubebwa na eksosomu. Kwa seli iliyoitoa ni nafuu, lakini seli jirani inaweza kuipokea. Watafiti wanachunguza kama hii ni mojawapo ya njia ambazo ugonjwa huenea ndani ya ubongo. Watu wenye jeni yenye kasoro inayosababisha ugonjwa wa Gaucher wana hatari kubwa zaidi ya kupata Parkinson, jambo linaloonyesha umuhimu wa lisosomu katika magonjwa yote mawili.

Vitabu na mawazo kuhusu asili ya uhai

De Duve aliandika pia vitabu kwa wasomaji wa kawaida. Mwaka 1984 alitoa kitabu kinachomwongoza msomaji ndani ya seli kama mtalii. Vilivyofuata, kama Vital Dust cha mwaka 1995 na Singularities cha mwaka 2005, vilihusu asili ya uhai. Alishikilia kwamba uhai ulitokana na kemia ya kawaida, na kwamba penye mazingira yanayofaa karibu lazima utokee. Hakukubaliana na wale walioona uhai kuwa bahati ya mara moja tu.

Alilelewa katika imani ya Kikatoliki na kufundisha katika chuo kikuu cha Kikatoliki kwa miaka mingi, lakini katika uzee wake alieleza wazi kwamba hakuwa tena na imani hiyo. Katika kitabu cha mwaka 2010 alionya kwamba sifa zilizowasaidia wanadamu wa kale kushinda, kama ubinafsi wa kikundi, sasa zinaweza kuwaangamiza.

Kifo

Mke wake Janine alifariki mwaka 2008. De Duve aliendelea kuishi Nethen, kijiji kilicho karibu na Leuven. Katika miaka ya mwisho aliugua saratani na matatizo ya moyo. Sheria ya Ubelgiji inaruhusu, tangu mwaka 2002, mgonjwa mwenye mateso yasiyo na tiba kuomba daktari amsaidie kufa, kwa masharti maalumu. De Duve aliomba hivyo, akasubiri hadi watoto wake wote wanne waweze kuwapo. Alifariki nyumbani tarehe 4 Mei 2013, akiwa na umri wa miaka 95. Kabla ya hapo alizungumza na gazeti la Le Soir kuhusu uamuzi wake, na mazungumzo hayo yalitolewa baada ya kifo chake.

Mnamo Oktoba mwaka huohuo Tuzo ya Nobel ya Tiba ilitolewa kwa James Rothman, Randy Schekman na Thomas Südhof, walioeleza jinsi vifuko vinavyosafiri ndani ya seli na kuungana na tando zinazofaa. Ni kwa kuungana huko kwamba otofagosomu hufika katika lisosomu na eksosomu hutoka nje ya seli.